Majina Matatu, Kamera ya Nne

Saa kumi na mbili jioni nilivuka reli ya Itigi nikiwa na diski kwenye mfuko wa rambo, nimeiviringisha ndani ya soksi. Soksi ya mdogo wangu. Msinicheke. Mifuko maalumu ya kubebea hard disk haiuzwi Itigi, na mimi nilikuwa na degree, sikuwa na duka.

Mjue kwanza nilikuwa nani, ili mwisho msiniulize maswali ya kijinga. Naitwa Elina. BSc, Computer Science, upper second. Mwaka huo wa 2010 nilikuwa na miaka mitatu nyumbani. Kila kitu kilikuwa huria: soko huria, redio huria, hata njaa ilikuwa huria, unachagua mwenyewe uilalie ubavu gani. Barua za maombi niliandika mpaka kidole kikaota sugu. Siku moja nikaingia ofisi fulani mjini Singida kufuatilia, nikamkuta afisa ajira anakunywa chai. Glasi kaifunika kwa karatasi, nzi wasiingie.

Karatasi ile ilikuwa barua yangu. Niliijua kwa mwandiko.

"Utaitwa," aliniambia bila kuinua macho. "Experience unayo?"

Basi. Nikarudi Itigi kutengeneza simu za watu, ndipo Mzee Melkizedeki akaniita.

Mzee huyu alikuwa na kinu cha alizeti nyuma ya stesheni. Zamani jengo lilikuwa ghala la ushirika. Ushirika ukafa, ghala likauzwa, akalinunua yeye. Nyuma yake hakuna nyumba hata moja, ni kile kichaka chetu tu, kimeshonana mpaka mbuzi anapita kwa kuomba. Alikuwa mtu wa kwanza mjini kufunga kamera. Nne, pamoja na DVR, mashine ya kurekodi, aliyoinunua ikiwa tayari imetumika kwingine.

"Njoo mashine za kukamua zikishazimwa," aliniambia. "Wafanyakazi wakishaondoka."

Getini nilimkuta Hosea, mdogo wangu, tumbo moja. Wiki yake ya pili ya ulinzi.

"Shikamoo, dada injinia."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula harufu ya mashudu. Tamu kweli, karibu."

"Leo usikae kule nyuma, Hosea."

"Ndilo lindo langu. Chini ya kamera ya nne, kuanzia saa moja kamili. Mzee kasema nisitoke pale hata nikisikia nini." Akazungusha rungu. "Unataka niache? Sawa. Nipe kazi nyingine. Si una degree?"

Nikaitoa soksi kwenye rambo, nikaingia ndani.

Nafasi ile aliipata kwa sababu mlinzi aliyemtangulia, Antipasi, aliokotwa mlangoni mwa stoo ya mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa. Fisi, walisema. Jeneza halikufunguliwa. Kabla ya Antipasi alikuwa Chediel. Fisi. Kabla ya Chediel alikuwepo mwingine, ambaye watu walishaacha kumtaja. Wote watatu ndani ya mwaka mmoja. Itigi nzima ilijua. Na asubuhi ya mazishi ya Antipasi, vijana kumi na saba walipanga foleni pale getini kuomba nafasi yake.

Hosea alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Ofisini Mzee Melkizedeki alikuwa ameketi mbele ya skrini, tumbo juu ya mapaja. Nikamwamkia. Akaitikia huku akiitazama soksi yangu.

"Ndiyo hiyo? Ukubwa gani?"

"GB mia tano, mzee. Ya zamani ni mia na sitini, ndiyo maana ilikuwa inajaa kila miezi mitatu. Hii itakupeleka miezi tisa. Labda kumi."

"Hakuna ya miaka mingi?"

"Zipo kubwa zaidi. Ila hii mashine yako ni ya kizamani, ina mwisho wake. Ukiiwekea kubwa kuliko hii haiioni."

"Haiioni."

"Haiioni kabisa."

Akashika ukingo wa meza, kama mgonjwa aliyesomewa majibu.

"Na ikijaa, inafanyaje? Nieleze tena."

"Inafuta ya zamani kuliko zote, inaandika mpya juu yake."

"Hapo sasa," alisema, wala si kwangu. "Hapo ndipo anapokuja." Akapangusa shingo kwa leso. "Miezi tisa si haba. Tutapumua."

Nikadhani anazungumzia mwizi.

Alinipa masharti. Diski ya zamani nisiichungulie. Mpya nikishaiformat, niandike majina ya kamera kama yalivyokuwa: moja GETI, mbili MIZANI, tatu OFISI.

"Na ya nne uandike jina la mlinzi. Majina matatu, kamili."

"Kwa nini jina la mtu, mzee?"

"Ndio utaratibu."

Hapo ndipo tunapokwisha sisi. Shuleni majina matatu. Hospitali majina matatu. Kura, mkopo, fomu ya chuo, daftari la msiba. Mtu akikwambia *majina matatu* mkono unaandika wenyewe, akili inakuja baadaye.

Mzee akainuka. Chini ya meza akatoa beseni lililofunikwa kitambaa cheupe. Kitambaa kilikuwa kimelowa katikati, chekundu… na harufu ya nyama mbichi ikajaa chumba. Akatoka nalo. Nikasikia ufunguo ukizunguka kwa nje.

"Mzee?"

"Wezi, binti," akanong'ona nyuma ya mlango. "Fanya kazi yako."

Nikafanya. Skrubu nne. Kifuniko. Vumbi la miaka. Mashine haikuwa imewashwa tangu mchana, lakini diski ya zamani nilipoishika ilikuwa ya moto. Moto wa mtoto mwenye homa. Na ilikuwa inagonga ndani kwa ndani, bila umeme, bila waya.

Tk… tk… tk…

Niliiweka chini haraka. Nikafunga mpya, nikachomeka waya bapa, nikawasha. Format. Asilimia mia. Ikasema iko tupu. Nikashika rimoti na kuandika majina, herufi moja moja, kwa mishale ile ya kukera.

Kamera ya nne: HOSEA ALUTE MGHENYI.

Nilimwandika kwa mkono wangu. Ndugu yangu wa tumbo moja. Upper second.

Nje treni ya mizigo ikapiga honi, ikapita, ukimya ukarudi. Fundi yeyote hujaribu kazi yake kabla ya kufunga kifuniko, nami nikabonyeza playback. Orodha ilipaswa kuwa tupu.

Haikuwa tupu.

Zilikuwemo rekodi tatu. Zote kamera ya nne. Ya mwisho ilikuwa ya mwezi uliopita, na juu yake jina: ANTIPASI na majina ya baba na babu yake. Kwenye diski niliyoifuta dakika tano zilizopita.

Nikabonyeza.

Antipasi amesimama mlangoni mwa stoo, rungu begani, anapiga mwayo. Kichaka nyuma yake kikatikisika. Kitu kikatoka kwa miguu minne. Ngozi ya simba, ile ya rangi ya nyasi kavu, imeshonwa tumboni kwa kamba. Miguu ya mbele ilikuwa mikono. Mikono ya mtu, na kila kidole kimefungiwa chuma kilichonolewa.

Bibi yetu alitoka Ikungi. Alituambia habari za simba watu wa huko, watu wanaovishwa ngozi na kutumwa kuua, tukiwa wadogo, mpaka mama akamkataza. Alisema: simba wa Mungu anakula, simba wa mtu hali. Anachana tu, anaacha.

Yule hakula. Alimrukia Antipasi kifuani, akampasua kuanzia kooni kushuka chini, polepole, kama mtu anayefungua gunia kwa kutafuta uzi. Antipasi alikuwa anajaribu kurudisha ndani vilivyotoka. Kwa mikono yake miwili. Alikusanya, vikamponyoka, akakusanya tena. Kisha yule mtu wa ngozi akamshika taya la chini, akavuta.

Kamera ile haina sauti. Nashukuru.

Halafu nikaona jambo baya kuliko hilo. Mwili ulibaki chini, lakini Antipasi akainuka. Mzima, shati lake safi. Akaenda kusimama ukutani, uso kwenye kamera. Pembeni yake tayari walikuwa wamesimama wawili. Mmoja wao Chediel.

Walinzi. Mzee alikuwa na walinzi watatu wasiolala wala kudai mshahara. Wanakaa humo mpaka diski inapojaa na kuanza kuwafuta. Hapo anatafutwa mwingine.

Nikarudi live.

HOSEA ALUTE MGHENYI, yameandikwa juu. Chini yake Hosea anaongea peke yake, au anaimba, sijui. Nyuma yake wale watatu ukutani. Yeye hawaoni. Mzee Melkizedeki akapita, akaweka beseni chini, akalifunua, akarudi nyuma hatua kumi. Akatazama saa yake. Saa moja kamili.

Kichaka kikatikisika.

Niligonga mlango kwa mabega, kwa viatu, kwa kiti. Mlango wa ushirika ule, mninga mtupu. Nikapiga kelele, "Hosea, kimbia." Kwenye skrini akageuza kichwa kuelekea sauti yangu, na kwa kugeuka kule pigo lililokuja kooni likapita na sikio. Sikio lote, pamoja na ngozi ya shavu. Akaanguka. Yule wa ngozi akampanda mgongoni na kuzamisha vyuma begani. Kupitia ukuta nikasikia mdogo wangu akilia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa mchanga.

Jina. Jina ndilo linalomwita.

Nikaidaka rimoti. Menyu. Camera setup. Kamera ya nne. Futa… futa… futa… Herufi kumi na saba, moja moja.

Niandike nani? Macho yakapanda ukutani. Kila ofisi ya nchi hii ina leseni ya biashara ndani ya fremu, na kila leseni ina majina matatu.

M. Mshale chini, mshale kulia. E. Vyuma vinachomolewa begani. L. Hosea anakwaruza ardhi. K. I. Nilikosea herufi, nikarudi. Nikaishika rimoti kwa mikono miwili. Yule wa ngozi amemshika Hosea nywele, anamwinua kichwa, anatafuta koo. MELKIZEDEKI YONA MKH… A… N… D… I.

Enter.

Akaacha. Mkono ukaganda hewani. Akanusa.

Akageuka.

Mzee alielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Alikimbia kuja ofisini, maana ufunguo alikuwa nao yeye, na nilisikia ukigonga kitasa, ukikosa tundu, ukigonga tena. "Binti," akanong'ona, mdomo umegusa mbao. "Binti, futa. Futa, nitakupa kazi."

Miaka mitatu nilikuwa nangojea neno hilo.

Sikufuta. Mlango ukatikisika mara moja, kwa uzito. Kisha sauti kama ya turubai linalochanika… ndefu… halafu kitu kikaanza kumwagika sakafuni upande wa pili. Mzee alikuwa bado anaongea. Aliendelea kuongea muda mrefu sana kwa mtu wa hali ile, akiita mama yake, mpaka mifupa ikaanza kukatika mmoja mmoja, kama kuni mbichi. Damu ikapita chini ya mlango, ikazunguka viatu vyangu, ikaifikia diski ya zamani.

Tk… tk…

Ikanyamaza.

Polisi waliandika fisi.

Hosea alipona. Hana sikio la kushoto, na mkono haupandi juu ya kifua. Mama Theodora, mke wa marehemu, hakuuliza lolote. Baada ya arobaini alinitumia mtu, nikaenda kwake. "Wewe ndiye unayeijua hiyo mashine," akasema, na jinsi alivyoitamka *mashine* nikajua naye anaijua. Akaniajiri. System Administrator, barua yenye muhuri. Nilimsihi Hosea aache lindo. Akacheka kwa upande mmoja wa uso: "Dada, mlio ajirani mna maneno."

Hiyo ni miezi tisa iliyopita. Kwenye kamera ya nne wamesimama wanne sasa, wa mwisho mnene, mdomo unachezacheza. Kinu hakijaibiwa hata chujio. Nimejaribu kuacha mahali pa jina patupu. Mashine inarudisha la mzee. Nimeichomoa umeme kutwa nzima. Diski ilibaki ya moto. Juzi ilisoma asilimia tisini na sita. Leo tisini na nane. Ikijaa bila jina jipya sijui atachukuliwa nani. Najua tu ni nani anasimama pale chini kila saa moja jioni, na sikio moja.

Leo mchana ikaingia gari. Akashuka mtu na madumu mawili, anataka mafuta ya alizeti ya jumla, ya kupeleka kwao Kiomboi. Nilimtambua kabla hajavua miwani. Yeye hakunitambua. Angenitambuaje, hakuwahi kuinua macho.

Nikamkaribisha kiti. Nikamletea chai, glasi nikaifunika kwa karatasi safi. Nikafungua daftari la wageni.

"Jina tafadhali."

"Bonifasi."

"Majina matatu."

Akayataja yote, taratibu, herufi kwa herufi, kama mtu aliyezoea kusahihisha fomu za wengine. Hakuuliza ya nini.

Nikamwambia mafuta yanachujwa bado, yatakuwa tayari kesho saa moja jioni. Apitie mlango wa nyuma, kule kwenye stoo ya mashudu.

"Nije tu, au mtanipigia?"

"Usijali," nikamwambia. "Utaitwa."