Kicheko cha Wimbo wa Tatu

Ujia wa chini ya stendi kuu ya mabasi haujawahi kuona jua. Taa za mirija huwaka mchana kutwa, mafundi simu wamebanana kama meno kwenye ufizi, na mwisho kabisa, ukishapita vibanda vya mikoba, kuna duka la mzee anayeuza santuri na sidii za zamani. Jumamosi ile saa saba mchana, watu walipita wakisukumana mbele ya duka hilo, na mwanamke mmoja akasimama kaunta kama nguzo. Alivaa sketi ya buluu iliyokolea, viatu vya chini, na koti jeupe la kazini alilikunja likaning'inia mkononi.

"Shikamoo mzee. Naomba unibadilishie hii."

"Marahaba binti yangu. Ina kasoro gani? Hili si ndilo toleo jipya la tamasha la bendi ya reli? Limesafishwa likatakata!"

"Limesafishwa mpaka limechubuka. Aliyelisafisha aletwe kazini kwetu apimwe masikio."

Mwanamume aliyekuwa akichakura sidii kwenye kasha akakohoa. Alikuwa mrefu, shati la kijani limekunjwa mikono, hedifoni zimemning'inia shingoni.

"Samahani, dada. Kazini kwenu ni wapi, ili huyo mtu nimpe maelekezo?"

"Hospitali, kitengo cha masikio. Mimi ndiye mpimaji."

"Kumbe daktari!"

"Si daktari. Navalisha watu hedifoni, nawaambia wainue mkono wakisikia."

"Mimi nimezivaa tayari," akasema, akainua mkono.

Mzee alicheka mpaka akashika kaunta. Mwanamke aliona kwamba hapo ndipo mtu hutabasamu, akatabasamu. Alikuwa akifanya hivyo kwa miezi minane sasa: anatazama wenzake wanafanya nini, naye anafanya.

Miezi minane nyuma alimzika mama yake. Aliuosha mwili, akawaonyesha wageni pa kukaa, akawabembeleza waliokuja kumbembeleza yeye. Siku ya nane alirudi kazini. Watu walisema ana moyo wa chuma. Yeye alingojea kilio kama mtu anayengojea chafya, kikakataa kuja. Chakula kilikuwa chakula tu. Siku moja, kliniki ikiwa tupu, alijipima masikio mwenyewe. Yalikuwa mazima, hata mlio mdogo kuliko yote aliusikia.

"Nionyeshe panapokukera," yule mwanamume alimwambia. "Mimi ni fundi wa sauti. Pengine ninaweza kukusaidia."

Mzee akawaachia mashine ya santuri iliyokuwa nyuma ya duka. Tamasha lenyewe lilirekodiwa miaka thelathini na miwili iliyopita, katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli, na limetolewa mara tatu: kwanza kwa santuri, miaka kumi na mitano baadaye kwa sidii, na sasa hili jipya. Mwanamke akaanza na santuri. Katika wimbo wa tatu mwimbaji anabembeleza mlangoni kwa mpenzi wake: nani atanifungulia, nani atanifungulia? Ghafla sauti ya mwanamke inaruka kutoka pembeni, nje ya kipaza sauti: "Sukuma tu, haujafungwa!" Ukumbi mzima unaangua kicheko.

"Umesikia?" akauliza. "Sasa sikiliza sidii."

Kwenye sidii sauti ile ilikuwa mbali, kama mtu anayeongea bafuni.

"Sasa hii mpya."

Nani atanifungulia? Kimya. Kisha watu mia tano wakaangua kicheko.

"Wanacheka nini?" alisema mwanamke. "Wanacheka bure, kama wendawazimu."

Fundi alijikuna kidevu.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila Jumamosi mchana, mwanamke akitoka zamu, walikutana kwenye chumba cha fundi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Kilikuwa chumba cha mtu mpweke anayependa kazi yake: kitanda chembamba, spika mbili kubwa kama makabati, nyaya zimefungwa vizuri kwa riboni. Walilinganisha matoleo yale wimbo kwa wimbo. Fundi alimfundisha kusikia namna ngoma ya santuri inavyovimba na namna sidii ilivyoikausha. Naye alimwonyesha fundi kwamba sikio lake la kushoto limechoka, apunguze sauti kabla hajawa kiziwi kabisa.

"Ukiniambia unanipenda, niambie sikio la kulia," fundi alitania.

"Nani kakwambia nitakuambia?"

"Basi kohoa tu, mpenzi. Nitaelewa."

Katikati ya juma walipigiana simu.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Sikumbuki."

"Basi leo nakuletea chakula, na utanisimulia kila tonge."

Akamletea kweli, wakala wamekaa kwenye benchi la kliniki, wagonjwa wakiwatupia macho. Mwanamke alijaribu kusimulia. "Kuna chumvi," alisema. Fundi akapiga makofi kama vile ameshinda mtihani.

Jumamosi ya tano fundi aliuliza alichokuwa ameogopa kuuliza. "Hiyo sauti. Ni ya nani hasa?"

"Mama yangu. Alikuwa mmoja wa waitikiaji watatu wa bendi ile. Amefariki. Simu yenye sauti yake iliibiwa, na kwenye kuitikia wanaimba wote pamoja, humpati. Yuko hapo tu, maneno matatu." Aliyasema kama anasoma orodha ya dawa. "Nanunua kila toleo nikidhani huenda hilo ndilo litaniliza. Katika hili la mwisho hata hayumo."

Fundi alinyoosha mkono akazima mashine. Alitaka kusema, akasema moyoni, wiki ijayo. Badala yake akamshika mkono, na mwanamke akauacha mkono wake ushikwe, halafu akaegemeza kichwa begani kwake, wakakaa hivyo mpaka mwanga wa dirishani ukahama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Wiki ijayo haikufika.

Ilifika Jumamosi nyingine, walipopita dukani kwa mzee wakiwa wameshikana vidole. Mwanamke alivaa gauni la rangi ya kutu, la kwanza kulivaa tangu msibani. Walipokuwa wakiondoka mzee alipaza sauti: "Waya! Wee Waya, umesahau hedifoni zako!"

Fundi akarudi kuzichukua. Mwanamke alibaki amesimama. Waya. Hakuwahi kumsikia akiitwa hivyo, lakini alikuwa amelisoma mahali jina hilo. Akaingia dukani, akachukua toleo jipya la tamasha kwenye rafu, akageuza jalada nyuma, akasogeza karibu na taa. Herufi zilikuwa ndogo kama chawa: Usafishaji wa sauti: Waya.

"Ni wewe."

Fundi hakukana. "Nilikusudia kukuambia."

"Lini?"

"Siku ya kwanza nilidhani ni mzaha. Halafu ukaniambia ni mama yako, nikaogopa. Sikujua, mpenzi. Nilisikia mtu anapiga kelele nje ya kipaza sauti, nikaifuta. Kicheko kililala juu ya gitaa, kikakataa kutoka."

"Ulikaa ukanitazama nikitafuta kitu ulichokitupa mwenyewe."

Hakupandisha sauti. Angefoka, fundi angejua la kufanya, angeomba, angepiga magoti pale mbele ya mafundi simu. Lakini alilirudisha lile jalada rafuni taratibu, akalinyoosha lilingane na mengine, akamwambia mzee "kwaheri mzee," akaondoka. Gauni la rangi ya kutu likamezwa na watu.

Simu zikaanza. Siku ya kwanza kumi na nane. Hakupokea, si kwa hasira. Aliitazama simu ikitetemeka mezani kama anavyotazama mdudu asiye na madhara. Siku ya nne alipokea kwa sababu kidole kiligusa.

"Nisikilize dakika moja tu."

"Nakusikia."

"Una hasira?"

"Sina."

"Bora ungekuwa nayo."

"Najua," alisema, akakata.

Jumapili yake mama mdogo alikuja kumjulia hali. Ndiye mdogo pekee wa marehemu, mwalimu wa chekechea aliyezoea kuzungumza na watu wazima kana kwamba wana miaka minne. Alivaa gauni la njano lenye mifuko mikubwa, akavua viatu mlangoni, akatazama jikoni, akatazama sura ya mpwa wake.

"Umekonda. Yule wa hedifoni yuko wapi?"

"Tumeachana."

"Kakupiga?"

"Hapana."

"Ana mke?"

"Hapana, mama mdogo. Alimfuta mama." Akamweleza yote, wimbo wa tatu, matoleo matatu, jina kwenye jalada.

Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingiza mikono kwenye mifuko ya gauni, kama mtoto aliyeficha kitu.

"Mwanangu, kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi ngoja nikae mimi." Akakaa. "Ile sauti si ya mama yako. Ni yangu."

Mpwa wake alimtazama tu.

"Nilikuwa na miaka kumi na sita. Walinikalisha nyuma ya spika niwalindie mikoba. Yule mwimbaji alibembeleza mlango mpaka nikachoka, nikaropoka. Mama yako alinifinya paja, alama ikakaa wiki nzima. Hakuweza hata kuitikia kwa kucheka."

"Lakini mama mwenyewe alisema…"

"Hakusema. Ulisema wewe. Ulikuwa na miaka sita, ukawaambia wageni, huyo ni mama yangu! Ulijivuna, kifua mbele. Mama yako akanikonyeza, nami nikanyamaza. Nani angekuwa na moyo wa kukuvunja? Miaka ikaenda. Alipofariki nikakuona unanunua zile sidii, nikasema Mungu wangu, sasa nitaanzia wapi."

"Hebu sema."

"Niseme nini?"

"Yale maneno."

Mama mdogo akalamba midomo. "Sukuma tu, haujafungwa." Sauti ilikuwa imenenepa kidogo kwa umri, lakini ni ile ile.

Binti alingojea kitu kipasuke ndani yake. Hakikupasuka. Alichowaza ni kwamba fundi wa watu alikuwa na haki. Alisikia mtu asiyehusika na bendi, akamtoa. Kosa lake lilikuwa kunyamaza, na kunyamaza, kumbe, ndiyo desturi ya ukoo wao pia.

Jumatatu alitoka zamu saa tisa, akaenda moja kwa moja studio alikofanya kazi fundi, na koti jeupe mwilini. Fundi alikuwa peke yake, ndevu hazijanyolewa, kanda kubwa za zamani zimemzunguka.

"Nimezipata kanda za mwanzo," alisema kabla hata ya salamu, maneno yakikanyagana. "Nimeurudia wimbo wote. Bosi kakataa kutoa toleo jingine, tumegombana, lakini hii nakala moja ni yako. Kaa. Sikiliza."

Nani atanifungulia? "Sukuma tu, haujafungwa!" Sauti ilitoka safi, karibu, kama mtu amesimama mlangoni mwa studio.

Fundi alimtazama usoni, akingojea machozi.

"Imetoka vizuri sana," alisema mwanamke. "Ila si mama."

"Eti?"

"Ni mama mdogo. Alikuwa analinda mikoba."

Fundi akazitazama zile kanda, kazi ya siku tisa. "Nimegombana na bosi," alisema polepole, "kwa ajili ya mlinzi wa mikoba."

Kitu kikampanda mwanamke kifuani, kikatoka puani kwanza, kisha mdomoni. Alikuwa anacheka. Hakuwa ametazama kwanza wengine wanafanya nini. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu kama kikohozi, lakini kilikuwa chake. Fundi naye akacheka, akajifuta macho kwa shati.

"Nisamehe," alisema fundi. "Si kwa kufuta. Kwa kukaa kimya."

"Nimeshakusamehe, njiani. Nami nilikuacha kwenye simu kama deni la mtu mwingine. Nisamehe."

Fundi akamwekea sehemu ya kuitikia, kutoka kanda ya mwanzo. Sauti tatu za wanawake zilipanda pamoja. "Mmoja wao ni yeye," alisema. "Nimejaribu kumtenga. Haiwezekani, waliimba kwenye kipaza sauti kimoja. Yumo, lakini siwezi kumtoa peke yake."

"Mwache humo humo. Yuko na wenzake."

Walisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Fundi alizima mashine, akageuza kiti wakaangaliana.

"Nataka kukuoa," alisema.

"Sikiliza. Sitakudanganya. Ukiniuliza moyo wangu unasema nini, hausemi kitu. Si kwako tu, kwa kila mtu. Ninachojua ni kwamba nikiwa na wewe sitazami saa. Wengine wanaposwa hulia au huruka. Mimi nikikuambia ndiyo, itakuwa ndiyo isiyo na rangi."

"Ndiyo ni ndiyo. Rangi tutapaka."

"Na nisipopona?"

"Basi nitakuwa na mke asiyetazama saa."

Akamtazama sana, shati lililokunjamana, lile sikio la kushoto lililochoka. Kisha akachukua simu, akapiga, akaiweka mezani ili wote wawili wasikie.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula. Jumapili usitoke, kuna mtu anakuja na wazee wake."

"Mtu gani?"

"Yule aliyekufuta."

"Anakuja kuniomba radhi?"

"Hiyo, na jambo lingine."

Mama mdogo alipiga kigelegele kirefu, simu ikatetemeka juu ya meza, fundi akaruka kupunguza sauti. Mwanamke alimshika mkono, akamzuia.

"Iache," alisema. "Iache hivyo hivyo."