Waliniambia Titi Langu Laniita

Nina miaka ishirini na mitatu, nina mtoto mmoja wa kike, na kifuani nina titi moja. Nimeandika hivyo waziwazi kwa kuwa nimechoka na minong'ono. Mwenye haya na afunge macho! Mimi haya zangu zilimwagwa pamoja na damu yangu, na waliozimwaga ni watu niliokuwa nikiwapikia.

Msinihurumie bado. Nisikilizeni kwanza.

Nilisoma misheni mpaka darasa la mwisho la wasichana, kisha wakanifunza ualimu kidogo. Nikaolewa na Karisa, kijana wa Kigiriama aliyebatizwa, nyapara wa shamba la mpira huku kwetu Mnarani. Jumapili aliimba kanisani hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Jumatatu aliwachapa vibarua kwa kiboko, jioni akarudi akala vizuri kabisa.

Mtoto wetu tulimwita Dama, jina la mavyaa, yaani mamake Karisa. Ndiyo desturi yao, binti wa kwanza ni wa bibi yake. Mavyaa alikuwa akimpakata na kumwambia, "Wewe ndiwe mimi. Mimi nikioza, wewe utabaki ukinilia muhogo wangu." Tulicheka. Alimpenda mtoto yule, sitasema uongo.

Dama alikuwa hajaweza kukaa nilipogusa kivimbe kwenye titi la kushoto, kigumu kama kokwa ya tende. Mavyaa akasema ni maziwa yameganda, akanikanda kwa majani ya moto. Kivimbe kikakua. Ngozi ikaanza kuingia ndani. Nikaenda hospitali ya misheni, mwendo wa kutwa nzima, mtoto mgongoni.

Daktari alikiita kivimbe kile saratani. Alisema titi lazima litoke, pamoja na nyama ya kwapani. Wakaninusisha dawa nikalala... nilipoamka, upande mmoja ulikuwa kama kifua cha mvulana.

Lakini nilipona! Hilo mlishike. Kidonda kilifunga, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu, na Dama akawa ananyonya titi lililobaki na kushiba.

Kilichobaki kilikuwa kubana.

Nani atanielewa ila aliyepitia? Ilikuwa kama nimefungwa mkaja, ule mnaofungwa mkishazaa, lakini umefungwa kifuani badala ya tumboni, na aliyefunga amekaza kwa goti. Kwapani mlikuwa na kitu kama uzi wa mshipi, kila nikiinua mkono kinajivuta hadi kwenye kiwiko. Kutwanga siwezi. Kujitwika mtungi siwezi. Hata kusuka nywele zangu mwenyewe!

Na kila uzi ule ulipovuta, roho yangu iliuliza neno moja: umerudi? Naulalia mkono nikiuliza. Nasonga sima nikiuliza. Nilikuwa nikilibonyeza titi lililobaki kutafuta kivimbe, nalibonyeza tena, hadi likafanya alama za vidole vyangu.

Nikamwambia mtu mmoja tu. Nikamwambia mume wangu. "Baba Dama, panavuta. Naogopa ugonjwa umerudi." Akanishika bega kwa upole, akaniambia, "Neno hili litakaa hapa," akijigusa kifua.

Halikukaa hata mpaka sima kuiva!

Mavyaa aliingia bila hodi. Hakusalimu. "Titi lako walilizika wapi?"

"Sijui, mayo," nikamjibu, yaani mama kwa lugha yao.

"Hujui?" Alikaa kitako. "Kitovu cha mtoto twakizika. Kucha twazifukia. Wewe umekatwa nyama nzima ya mwili wako na hujui imetupwa wapi? Mbwa wakila je? Ndilo hilo linalokuvuta. Lina baridi huko liliko, lamwita mwenyewe."

"Ni kovu, mayo."

"Kovu halivuti mtu. Kovu hukaa kimya." Akamtazama Dama aliyekuwa kifuani mwangu, na nikaona uso wake ukibadilika. "Likikuita wewe, shauri lako na Wazungu wako. Lakini huyo ananyonya pacha wa hilo lililotupwa. Likimwita naye? Huyo ni mimi! Wataka nife mara mbili?"

Nilicheka. Mnaona ujinga wa elimu? Nilicheka, nikidhani neno la kuchekesha halina meno.

Wakamleta mganga kutoka bara. Nilikataa. Nilisema mimi ni Mkristo, nilisema naumwa, nilisema nitapiga kelele. Karisa, mwimbaji wa kanisa, akaufunga mlango na kunikalia miguuni! Mavyaa akanishika kichwa, akinipangusa jasho na kuniambia, "Vumilia, mwanangu, vumilia," kana kwamba nazaa.

Yule mganga alinichanja juu ya kovu, kutoka ubavuni hadi kwapani. Kisha akaweka chuku, ile pembe ya kuumikia, akanyonya damu. Nilimng'ata mkono hadi nikaonja chumvi yake. Akacheka! "Huyu ana meno ya mamba. Titi lake litarudi lenyewe kwa hofu."

Damu wakaitia katika kitoma, kibuyu kidogo, wakakifunga kwa kitambaa kama maiti, wakakizika nyuma ya nyumba. Ndilo titi langu hilo! Wakachinja kuku mweusi wakamla. Mimi nilikuwa nimelala juu ya damu yangu, nasikia wanavyogawana mapaja.

Kidonda kilichokuwa kimefunga kikafunguka. Kikaoza. Homa ikanipanda, mkono ukavimba kama gogo, na kubana kukawa kubaya kuliko mwanzo. Badala ya kuona walichonifanya, mavyaa akagonga viganja vyake: "Limekasirika! Sasa laita kwa nguvu!"

Wakaja asubuhi moja, yeye na mwanawe. Dama alikuwa ananyonya. Karisa akasema, "Lete mtoto. Anakwenda Ganze kwa mke wa kaka yangu, ananyonyesha."

Nikamwambia atamchukua akishanizika.

Akamshika miguu. Nikamshika mabega, kwa mkono mzima na mkono mbovu. Akavuta. Nikavuta. Hapo akanyoosha mkono nyuma ya mlango akakitwaa kiboko, na kikashuka juu ya kidonda changu kilicho wazi... Wasomaji wenzangu, mimi nimekatwa na daktari, nimechanjwa na mganga. Sijawahi kusikia uchungu ule! Akachapa tena. Mtoto analia huku maziwa yangu yakimtoka mdomoni.

Nilimwachia. Ilikuwa lazima mmoja wetu amwachie, mtoto asije akakatika, na yule mwanamume asingeachia.

Nilijikokota hadi njiani, wakaniokota watu wa kanisa wakanipeleka hospitali kwa machela. Bibi muuguzi wa pale aliponifunua kifua alitukana kwa lugha yake. Sikuielewa, lakini ilinipoza.

Kidonda kilipoanza kukauka, titi langu likawa jiwe kwa maziwa. Bibi akaniambia nikamue asubuhi na jioni, yasije yakakatika kabla ya kumpata mtoto. Nikawa nakamua kwenye bakuli, namwaga shinani mwa mpapai. Mti ulinyonya, mwanangu hanyonyi! Mnajua hasira ya hapo? Nilitamani kuung'oa mpapai ule.

Siku moja nikamuuliza bibi yule maswali yangu yote. Kwanza, nitapona kabisa?

"Sijui," alisema. "Atakayekuambia anajua, ni mwongo. Lakini huku kubana si saratani. Ni kovu linajikunja. Uvimbe mpya ulio mgumu, au ngozi inayoingia ndani, hapo njoo mbio. Huku kubana ukufundishe wewe kulegea, usingoje kukufundishe wewe."

Akanisimamisha ukutani, akaniambia nipandishe vidole vyangu kama buibui, kila siku juu kidogo. Nilimtukana. Akanijibu, "Tukana, lakini panda."

Kisha nikamuuliza la mwisho, kwa sauti ya chini, kwa kuwa niliona haya. Titi langu mlilitupa wapi?

Akanishangaa. "Kutupa? Sisi hatutupi nyama ya mtu. Lilizikwa nyuma ya ua, siku ileile. Mzee mmoja wa kanisa aliomba dua."

Lilizikwa!

Lilikuwa limezikwa tangu siku ya kwanza, tena kwa dua! Nilicheka hadi kidonda kikauma, kisha nikalia, kisha nikatapika. Nani aliuliza? Kati yetu sote, mimi na elimu yangu, Karisa na nyimbo zake, mavyaa na mizimu yake, nani alifunga safari kuuliza neno moja? Nilipokonywa mwanangu kwa sababu ya kitu kilichokuwa kimelala kaburini kwa amani!

Niliondoka kabla ya kuruhusiwa. Nikavushwa mlango wa bahari wa Kilifi kwa mtumbwi, nikashika njia ya Ganze, nchi kavu, vichaka na mashina ya miti iliyochomwa makaa. Mkono nimeufunga kwa kitambaa shingoni. Nilipoona boma la kaka yake Karisa, wanawake walikuwa uani wanapukuchua mahindi.

Wa kwanza kuniona akapiga ukemi. Wote wakatimua mbio! Wazee, watoto, mbuzi! Akabaki mmoja tu, Sidi, mke wa kaka yake Karisa, yule anayenyonyesha, kwa kuwa alikuwa na watoto wawili mapajani na hakuweza kuinuka.

"Kama wewe ni koma," alisema akiwakumbatia wote wawili, "sikukukosea kitu. Nimemnyonyesha vizuri."

"Koma gani, Sidi? Mimi si mzimu, ni mzima."

"Mume wako alituambia umekufa. Tumekulilia. Tumenyoa!"

Na kweli alikuwa amenyoa. Na mavyaa, aliyekuwa amemfuata mtoto huko, akatoka nyumbani akijishikilia ukutani, naye kichwa chake kiling'aa kama kibuyu. Karisa alimdanganya hata mama yake! Wiki ile ile, Sidi akanieleza, alikuwa akitafutiwa mke mwingine, msichana wa bonde la pili. Mgane hodari, anatafuta matiti mawili ya kuanza upya.

Nikasimama mbele ya mavyaa. Nikamwambia, "Titi langu lilizikwa na hospitali. Lina kaburi, lina dua. Halijamwita mtu. Mlikata kovu langu bure."

Aliuacha ukuta. "Lilizikwa?"

"Lilizikwa, mayo."

Akakaa chini kwenye mavumbi. "Nami nimemnyima mtoto wangu maziwa ya mamake," akasema. Akamtwaa Dama mapajani mwa Sidi, akaninyooshea. "Mchukue. Mchukue kabla hajaja."

Lakini alikuwa amekwisha kuja. Karisa alisimama mlangoni mwa boma, shati safi, kiboko mkononi, amerudi kutoka kwa wakwe zake wapya. Hakupauka hata kidogo. "Mwanamke huyu ana wazimu," aliwaambia watu waliokuwa wakirudi mmoja mmoja. "Mtoto ni wangu. Nilitoa mahari."

Akaja. Nikampa Sidi mtoto. Kando ya kinu palikuwa na mchi.

Mimi niliyekuwa siwezi kutwanga! Niliushika mchi kwa mikono yote miwili nikauinua, na kwapani mwangu kitu kikakatika, pa! Nilidhani nimepasuka. Hata hivyo niliushusha. Kiboko kilinipata shavuni, alama yake ninayo hadi leo, lakini mchi ulimpata begani na nikausikia mfupa ukilia. Akapiga magoti. Nikamtwanga tena mkononi, mkono ule wa kiboko. Ningemtwanga kichwa. Naungama mbele zenu, ningemtwanga kichwa! Aliyenizuia ni mamake, alijilaza juu yake akisema, "Yatosha, mwanangu, usiue, nani atamlea Dama ukinyongwa?"

Jina la Dama ndilo lililonifanya niuangushe mchi.

Nilitoka na mtoto wangu huku Karisa analia kama kibarua. Njiani nikaketi, nikampa titi. Akanigeuzia uso! Alimlilia Sidi. Alisukuma titi langu kwa vidole vyake vidogo, akanitazama kama mgeni. Hilo liliuma kuliko kiboko. Tulikaa pale jua likituchoma, analia nalia, hadi njaa ikamshinda. Aliposhika, alishika kwa hasira, akaning'ata. Nikamwacha aning'ate.

Sasa naishi penye misheni, nafundisha wasichana kushona na kusoma. Mkono unapanda ukutani karibu kama ule mwingine. Bibi muuguzi alisema kilichokatika ni nyuzi za kovu, na akanigombeza, akasema sikupaswa kuthubutu, ningengoja zilegee polepole kwa mazoezi na mafuta ya nazi. Basi nanyi msithubutu.

Kubana kupo. Asubuhi za baridi huja na swali lile lile. Umerudi? Sitawadanganya kwamba nimeacha kuogopa. Naogopa kila mwezi. Ila sasa najikagua mara moja, kwa utaratibu, kisha nafunga nguo yangu nakwenda kazini. Nikitilia shaka, namwendea aliyenikata, si aliyenioa.

Ndugu zangu wanawake, kama mmetibiwa na kifua kinavuta, ulizeni! Ulizeni waliowatibu, neno kwa neno, hata la aibu, hata "mlilizika wapi". Msiipeleke hofu yenu kwa mtu kwa sababu tu mnalala naye kitanda kimoja. Nanyi mnaowauguza, mkiona mama mkwe anaogopa, msimcheke kama nilivyomcheka mimi. Mpelekeni akaone kaburi.

Karisa ameleta wazee, mara mbili sasa. Bega lake limekaa upande. Wanasema mtoto ni wa mahari, arudi kwa baba yake kabla hajaanza kutembea.

Wamechelewa. Jana Dama aliachia ukuta akaja hadi kwangu, kwa hatua zake mwenyewe, anayumba kama mlevi. Wakija tena, na wamuulize yeye anakwenda kwa nani.