Vinyweleo vya Wakili

Kila alasiri, Kasuku aliporudi kutoka shuleni, aliingia nyumbani kwa mlango wa jikoni. Mlango wa mbele ulikuwa wa wateja. Chumba ambacho katika nyumba nyingine kingekuwa sebule, mama yake alikifanya mahali pa kazi. Palikuwa na kitanda chembamba chenye shuka jeupe, kioo kirefu, feni iliyozunguka huku ikinung'unika, na kamba iliyoanikwa vitambaa vilivyochemshwa vikatakata. Wanawake walikuja hapo kung'olewa vinyweleo vya miguuni na usoni.

Nta ilipikwa jikoni. Sukari, maji na ndimu vilitokota katika sufuria ndogo mpaka vikawa na rangi ya asali, na kazi ya Kasuku ilikuwa kudondosha tone katika kikombe cha maji baridi na kulifinya kwa vidole.

"Imeshika?" mama aliuliza kutoka chumba cha mbele.

"Bado, mama. Inateleza."

"Basi koroga, mwanangu. Nasikia unaimba kuliko unavyokoroga."

Jina la Kasuku alipewa na darasa zima, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Alilipenda. Asilolipenda ni tabia ya mama yake ya kufukuza wateja, maana yeye aliiona hivyo. Alasiri hiyo alikuja mwanamke mmoja mwenye haraka. Mama alimsogeza dirishani, akamtazama mdomo wa juu kwenye mwanga.

"Ni vifupi mno, dada yangu. Viache vifikie urefu wa punje ya mchele, ndipo urudi."

"Na ukiving'oa, ndiyo basi? Havioti tena?"

"Vitaota. Ukija kila baada ya wiki kadhaa, kwa miezi, huenda vikapungua na kuwa laini. Lakini vitaota."

Mwanamke aliondoka amekunja uso. Kasuku akashindwa kujizuia.

"Mama, si ungemwambia tu havirudi? Angefurahi!"

"Angefurahi leo," mama alijibu huku akinawa mikono. "Koroga nta."

Darasani Kasuku aliketi dawati moja na msichana aliyeitwa Wakili. Hakuna aliyeweza kumshinda Wakili kwa hoja, na ndiyo sababu shule ilimchagua aongoze mdahalo dhidi ya shule ya jirani. Lakini juu ya mdomo wake vilikuwa vimeanza kuota vinyweleo vyeusi, na wavulana wa nyuma hawakumpa nafasi ya kupumua.

"Shikamoo, mzee!" walimwamkia kila asubuhi. "Wajukuu hawajambo?"

Wakili aliwajibu kwa kejeli kali kuliko zao, nao wakacheka. Siku moja, hata hivyo, Kasuku alimkuta nyuma ya bomba la maji, macho mekundu.

"Mdahalo siendi," Wakili alisema. "Ukumbi mzima utanitazama mdomo. Nani atasikiliza ninachosema?"

Kasuku alichuchumaa kando yake. Alimpenda rafiki yake, tena alipenda kuwa mtu mwenye dawa ya kila tatizo.

"Kwetu tunaving'oa," alisema. "Mara moja tu. Havirudi."

"Havirudi kabisa?" Wakili alimkazia macho.

"Kabisa. Mimi si mtoto wa fundi?"

Walingoja mpaka mama alipokwenda sokoni kununua sukari. Kasuku alipasha moto nta iliyobaki, akaipaka kwa kijiti, akabandika kitambaa na kukivuta kama alivyomwona mama akifanya. Wakili alipiga yowe, kisha akajitazama kiooni na kucheka mpaka machozi yakamtoka. Mdomo ulikuwa safi. Kasuku alijiona mkubwa kama nyumba.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Wakili alikuja shuleni ameziba mdomo kwa leso. Vinyweleo vilikuwa vimechomoza tena, vifupi, vigumu kwa kidole.

Kanuni ya punje ya mchele Kasuku aliijua vizuri, lakini alijiambia kwamba hiyo ni ya wateja, watu wa nje, si ya rafiki mwenye mdahalo. Tena alikuwa ametoa neno lake. Akarudia kumpaka nta. Vinyweleo vifupi havikushikika. Kitambaa kiling'oka na ngozi. Kesho yake akarudia palepale, safari hii nta ikiwa ya moto zaidi, kwa kudhani kuwa kosa lilikuwa la nta. Wakili alisukuma mkono wake, akakimbia nje.

Asubuhi iliyofuata mdomo wa Wakili ulikuwa umevimba, una malengelenge. Hakumtazama Kasuku. Alichukua mkoba wake, akaenda kuketi dawati la mwisho, peke yake.

"Nisamehe," Kasuku alimfuata wakati wa mapumziko.

"Kidonda kitapona," Wakili alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nilikuuliza, Kasuku. Ukanitazama machoni, ukasema kabisa. Nitakuamini vipi tena? Na mdahalo ni Ijumaa."

Jioni hiyo nta ilichemka bila wimbo. Mama alikuja mwenyewe mlangoni, akamtazama binti yake, kisha akazima jiko.

"Sema, mwanangu."

Kasuku alisema yote. Alingoja kugombezwa, lakini mama alivuta kigoda, akaketi mbele yake, akamfuta machozi kwa upindo wa aproni. Halafu alisimama.

"Vaa viatu. Tunakwenda kwao, na wewe ndiye utakayezungumza."

Mama yake Wakili alikuwa muuguzi. Aliwafungulia mlango akiwa bado na sare ya kazi, uso umechoka. Alikuwa ameambiwa kwamba binti yake amejikwaruza. Kasuku aliposimulia, muuguzi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita Wakili na kumwinua kidevu kwenye taa.

"Pakandwe kwa kitambaa safi chenye maji baridi, na pasiguswe tena mpaka papone," alisema. "Mngenificha siku mbili zaidi, pangetunga usaha."

"Lakini nilivitoa vyote, mama muuguzi," Kasuku alisema. "Niliona kwa macho yangu. Vilirudi kutoka wapi?"

"Havikurudi," mama yake Kasuku alijibu. "Hivyo ni vingine. Kila kinyweleo kina wakati wake: hukua, kisha kikaacha kukua, kisha kikapumzika na kudondoka, na kingine kikaanza chini ya ngozi. Tena havifanyi hivyo vyote pamoja. Siku ile uling'oa vilivyokuwa nje. Vingine vilikuwa bado njiani."

"Kama wodini kwetu," muuguzi aliongeza, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Ukiwaita wauguzi wote saa sita mchana, watakuja wa zamu hiyo tu. Wa usiku wamelala kwao. Hata upige kengele mpaka mkono uchoke, hutawapata. Utawachosha tu waliopo."

"Ndiyo maana tunangoja wiki kadhaa," mama alisema. "Zamu nyingine itoke, irefuke, ndipo tuing'oe. Anayevuta palepale kila siku anavuta ngozi."

Muuguzi alimgeukia binti yake. "Na wewe, ungeniambia. Vinyweleo hivi ni vya kawaida kwa wasichana wengi wa umri wako. Vingekuwa vingi mno, vya ghafla, tungekwenda kwa daktari. Aibu haipo."

Wakili aliinamisha kichwa kwenye bega la mama yake. Hakumjibu Kasuku alipoaga.

Ijumaa, hata hivyo, alikuja. Alipopanda jukwaani, mdomo ukiwa umebanduka ngozi, sauti ilitoka nyuma ya ukumbi: "Mzee kajikata na wembe!" Kicheko kikasambaa. Wakili alishika ukingo wa meza, akainamia karatasi zake.

Kasuku aliinuka.

"Hakujikata," alisema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni. "Ni mimi niliyemuumiza. Nilimdanganya kwamba naweza kuviondoa vinyweleo vyake visirudi, na sikuweza. Mwenye kucheka anicheke mimi."

Wachache walimcheka, kweli. Masikio yalimwaka moto, lakini hakuketi mpaka mwalimu alipompa ishara. Kicheko kilipokwisha, Wakili alikuwa ameziweka karatasi chini. Alizungumza bila kuzitazama, na ukumbi ukasahau mdomo wake, ukasikiliza maneno. Kombe lilichukuliwa na shule ya jirani kwa tofauti ndogo, na mwalimu wao mkuu akaja mwenyewe kumpa Wakili mkono.

Mama yake Kasuku, aliyekuja kusikiliza mdahalo, alirudi nyumbani na wasichana wote wawili, yeye katikati. Njia nzima Kasuku alitazama vidole vya miguu yake.

"Binti zangu," mama alisema, "kile chumba changu cha mbele hakisimami kwa nta. Nta kila mtu anaweza kuipika. Watu hunipa nyuso zao kwa sababu nikisema inauma, inauma, na nikisema vitaota, vitaota. Nimepoteza wateja kwa kusema hivyo, wala sijutii. Mtu unayempenda, Kasuku, ndiye hasa wa kumwambia ukweli usiopendeza. Wengine watamwambia yaliyo matamu. Leo umeuambia ukumbi mzima, na nimejivunia kuwa mama yako."

Walipofika njia panda, Wakili alisimama.

"Pakishapona nitaamua nitafanyaje," alisema. "Pengine nitaviacha vilivyo. Sijui bado." Alipiga hatua chache kuelekea kwao, kisha akageuka. "Jumatatu ondoa mkoba wako upande wangu wa dawati. Narudi."