Picha ya Kila Jumatatu

Asubuhi ile kilichopungua kwenye picha kilikuwa kifungo kimoja tu. Gauni la njano lilikuwa na vifungo vitano, kutoka shingoni hadi kiunoni, na Mama Kidoti alivijua kama vidole vyake, maana picha hiyohiyo alikuwa akiitoa kwenye printa yake kila Jumatatu kwa karibu mwaka mzima. Sasa vilikuwa vinne. Aliisogeza karatasi dirishani akaikagua kwa kioo cha kukuzia. Tundu la wino likiziba, picha hutoka na michirizi, au wekundu hupotea watu wote wakawa na nyuso za kijani kama wagonjwa. Haliwezi kufuta kifungo kimoja na kujaza kitambaa mahali pake, tena pamoja na mkunjo wake.

Akajiambia kwamba ni macho. Akaitundika picha kwenye kamba ikauke.

Kazi ya picha aliianzia sebuleni, juu ya meza ya chakula. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani alikuja kama mgeni. Waliobaki ndani walikuwa watatu: yeye, mama yake mzazi, ambaye wote walimwita Bibi, na binti wa miaka saba aliyeitwa Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi chini ya jicho lake la kushoto, ndogo kama punje ya ufuta. Alipotaka kununua printa alikwenda kwa fundi wa mashine za ofisi, mtu mpole mwenye vidole vya zambarau visivyotakata kwa sabuni yoyote. Fundi alimkataza zile zinazotumia wino wa unga. Hizo ni za barua na mitihani, alimwambia. Uso wa mtu zinautoa kama ukuta uliopakwa chokaa. Akamwonyesha moja iliyokwisha kutumika, ya rangi sita, yenye samawati nyepesi na waridi jepesi kwa ajili ya ngozi.

"Ila hii ni kama mkwe," alisema. "Usipoisalimia wiki nzima, inanuna. Kila wiki itoe picha moja yenye rangi zote, wino usije ukakaukia kwenye vitundu."

Akamweleza pia kuhusu sponji iliyoko chini kabisa, gizani, inayonyonya wino kila mashine inapojisafisha. Haionekani wala haiguswi. Ikijaa, taa nyekundu itawaka, naye amwite.

Wengine hutumia ile karatasi ya mistari ambayo mashine yenyewe huitoa kwa majaribio. Mama Kidoti hakuiamini. Mstari unaweza kudanganya, alisema, lakini ngozi haidanganyi, na ngozi aliyoijua kuliko zote ni ya mwanawe. Akachagua picha ya Kidoti akiwa amekaa kwenye kigoda, gauni la njano, mpira wa bluu mapajani, na nyuma yake mlango mwekundu uliofungwa. Kila Jumatatu baada ya chai aliitoa picha hiyo, kisha akasafisha vitundu. Tusiwe wepesi wa kumlaumu. Mzazi gani asingependa kuianza wiki kwa uso wa mtoto wake? Lakini kila usafishaji sponji ilikunywa kidogo, na kile kilichokuwa kimejikalia pale kwenye unyevu na giza kilikunywa pamoja nayo, uso uleule, wiki baada ya wiki.

Jioni ya siku ile ya kifungo alilitoa gauni kabatini. Vifungo vilikuwa vinne. Hapakuwa na uzi uliokatika, wala tundu lililobaki bila kifungo chake. Alipomwuliza Bibi, Bibi hakuinua hata macho kwenye sweta aliyokuwa akifuma. Alisema kwamba gauni lile lilikuwa na vifungo vinne tangu linunuliwe.

Jumatatu iliyofuata mlango mwekundu kwenye picha ulikuwa wazi upana wa kidole. Jumatatu ya baada ya hiyo ulikuwa wazi upana wa kiganja, na weusi uliokuwa nyuma yake ulikataa kukauka. Aliugusa baada ya siku mbili, ncha ya kidole ikatoka na wino. Mchana, mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa ukutani, alianza kusikia kichwa cha wino kikisogea ndani, taratibu, kama mtu anayejinyoosha baada ya kulala muda mrefu mahali pembamba. Akainama kunusa. Haikunuka wino. Ilinukia sabuni ya kuogea na mafuta ya nywele, yale anayompaka mwanawe kila asubuhi.

Kisha mwalimu akatuma ujumbe kuuliza mbona Kidoti haji shule wiki nzima. Kidoti alikuwa amekwenda kila siku, amekaa dawati la mbele, na madaftari yake yalikuwa yamejaa. Mama Kidoti alimtazama mtoto akinywa maji mezani, akaona jinsi mwanga wa dirishani ulivyompita bila kumshika vizuri, kama picha iliyoachwa juani. Chini ya jicho la kushoto ngozi ilikuwa tupu.

Alikwenda jikoni, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama," alimnong'oneza Bibi, "kwa nini tunamwita Kidoti?"

Bibi aliendelea kukoroga chungu. "Ni jina tu, mwanangu." Kisha akaacha kukoroga. "Mimi ndiye niliyempa jina hilo. Mbona sikumbuki kwa nini?"

Mtu anayezama hushika kilicho karibu, na Mama Kidoti alishika alichokijua. Kwa mawazo yake picha ndiyo iliyoharibika, na mtoto anaifuata picha, kwa hiyo picha ikirudi sawa mtoto naye atarudi sawa. Kulikuwa na usafishaji mkubwa, ule ambao fundi alimwonya aufanye mara moja tu kisha aiache mashine ipumzike, kwa sababu huvuta wino wote ulio kwenye vichwa na kuushusha chini kwenye sponji. Aliufanya. Akaufanya tena, na mashine ikanguruma na kumeza, ikanguruma na kumeza, na Kidoti, aliyekuwa amesimama karibu naye, kiganja chake kimelala juu ya mfuniko kwa sababu ulikuwa na joto na yeye alikuwa akisikia baridi siku nzima, akasema kwa sauti ndogo kwamba ana usingizi, akaenda chumbani akiburuta miguu, na mama yake hakugeuka kumtazama, alibonyeza mara ya tatu, akasimama akisikiliza wino ukivutwa na kushuka, ukivutwa na kushuka, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuusikia, mpaka taa nyekundu ikawaka na kila kitu kikanyamaza.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Kidoti alitoka mbio, mashavu yamejaa, sauti juu, akidai chakula. Bibi alilia. Mama Kidoti alimkumbatia mtoto hadi akalalamika kwamba anabanwa. Nywele zake zilinuka wino, lakini siku ile nyumba nzima ilinuka wino.

Fundi alifika asubuhi yake kubadilisha sponji. Aliingia na utani wake wa kawaida, akauliza kama mkwe bado amenuna. Alipofungua kifuniko cha chini kwa bisibisi, utani uliisha. Akaweka kiganja juu ya sponji, akakiondoa upesi.

"Ina joto," alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto yuko wapi?"

"Chumbani, anacheza."

"Abaki hukohuko."

Alikuwa ameiona hali hii mara moja maishani, alimweleza, kwenye mashine ya mpiga picha wa mji mwingine. Kuna viumbe wanaopenda penye giza na majimaji, kama mifereji na visima vilivyoachwa, na siku hizi wamepata makao mapya. Hukaa wakinywa mpaka wawe na sura. Akafunga madirisha, akapiga magoti mbele ya printa kama mtu anayetafuta sindano, akayasoma maneno aliyofundishwa na baba yake, polepole, bila kuinua sauti. Kisha akaishika sponji kwa mikono miwili akaivuta. Ilikuwa nyeusi, imevimba, na ilikuwa nzito. Mikono yake ilishuka nayo kama mtu anayepokea mtoto aliyelala. Na ndani yake kikatoka kilio chembamba, cha kubanwa, cha mtu mdogo aliyekatazwa kulia.

Mama Kidoti alipiga hatua mbele.

"Usikisikilize," fundi alisema. "Huwa kinaiga."

Akaitia kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga, akalizungushia utepe wa gundi mara nyingi, akasema ataianika juani ikauke kisha aichome. Alipopita nalo mlangoni, Mama Kidoti alisikia harufu ya sabuni na mafuta ya nywele ikimpita, na machozi yakamtoka, wala hakujua anamlilia nani.

Wiki ile ilikuwa ya mvua. Nyumbani mambo yalikuwa shwari. Mwalimu alituma ujumbe kwamba Kidoti amechangamka, ingawa mwandiko wake umebadilika. Sasa anaandika kwa mkono wa kushoto. Siku ya Jumapili, akimsuka nywele kibarazani, Mama Kidoti aliona kwamba alama imerudi, punje ileile ya ufuta, akainama aibusu, na midomo yake ikafika karibu kabisa kabla hajaona kwamba ilikuwa chini ya jicho la kulia.

Mtoto alimtazama kwa utulivu. "Umemaliza, Mama?"

"Bado kidogo," alisema, akamaliza kusuka, kwa sababu mikono ilipaswa kufanya kitu. Kisha akaingia ndani, akatoa picha ya kwanza kabisa chini ya rundo. Alama ilikuwa kushoto, kama alivyozaliwa nayo.

Alikwenda karakana ya fundi kwa miguu, kwenye mvua, bila viatu. Kopo lilikuwa bado rafuni. Jua halikutoka wiki nzima, fundi alisema, kisha akaona uso wake. Mama Kidoti alimweleza yote kwa maneno machache. Fundi alikaa kwenye kigoda chake, akavitazama vidole vyake vya zambarau.

"Nilidhani kinaiga," alisema.

Hakumzuia alipolichukua kopo. Akampa na bisibisi.

Jumatatu asubuhi, baada ya chai, Mama Kidoti alikuwa ameshairudisha sponji mahali pake kwa mikono yake mwenyewe. Bibi alikuwa amemchukua mtoto kumpeleka shule. Akaweka karatasi ya kung'aa, akachagua picha ileile, akabonyeza. Mashine ilikaa kimya kidogo, ikavuta pumzi, ikaanza kuitoa karatasi mstari kwa mstari.

Kigoda kilikuwa kitupu. Mpira wa bluu ulikuwa sakafuni. Mlango mwekundu ulikuwa wazi kabisa, na ndani yake ukaenda ukumbi mrefu wa giza, na mwisho wa ukumbi kulikuwa na kitu cha njano, kidogo kama ukucha. Akachukua kioo cha kukuzia. Mtoto. Vifungo vitano. Alama chini ya jicho la kushoto, na mkono umeinuliwa, kama wanafunzi wanavyofanya wanapoitwa majina wakaogopa wasionekane.

Bado alikuwa ameinama alipoisikia harufu ya wino, nyuma yake, karibu sana. Mkono mdogo wa kushoto ukapita juu ya bega lake, ukaishika karatasi kwenye pembe.

"Mama," ilisema sauti ya mwanawe, kwa upole, "hiyo haikutoka vizuri. Tuitupe."