Kipimo Kilichoshonwa

Blanketi la viraka lilianza kunuka kafuri siku Mwanvua alipolitia ukingo mweupe. Alilifua, akalianika, akalifua tena. Harufu haikutoka. Akasema labda ni pua yake iliyochoka, kwani mwili mzima ulikuwa umechoka: asubuhi shambani, mchana sokoni Kasongo na madumu ya mawese, jioni ndipo ashike sindano, yeye ambaye maisha yake yote hata kifungo alishonewa.

Lakini kazi ile aliipenda. Binti yake Soraya, aliyeolewa Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, alikuwa na mimba kubwa baada ya kuharibikiwa na nyingine mbili. Mwanvua alitaka mjukuu huyu apokewe na kitu kilichotoka mikononi mwa bibi yake. Vipande vya vitenge aliruhusiwa kuviokota katika gunia la mabaki la jirani yake, fundi Kasimu. Mlemle alikuta utepe mrefu mweupe, akaukata, akazungushia pembeni.

"Mama Mwanvua, hii mushono yako inatembea sawa mulevi," Kasimu alimtania.

"Mulevi naye anafikaka kwake," akajibu.

Kila asubuhi aliukuta ukingo mweupe umefumuka. Vitenge vilikuwa salama; weupe tu ndio ulioachia, na uzi umeviringwa vizuri na kuwekwa juu ya mto. Aliulaumu mkono wake wa kujifunza, akashona upya. Nani ana nguvu za kufikiri mengine akitoka shamba?

Mchana mmoja wa jua kali alijinyoosha kidogo, blanketi miguuni, na kabla usingizi haujamchukua akasikia kitambaa kikichanika polepole ilhali hakuna aliyekishika, kafuri ikajaa chumbani mpaka machozi yakamtoka, kisha vidole baridi vikagusa ule ukingo, vikatandaza shibiri, vikasogea, vikatandaza tena, bila haraka yoyote, hadi sauti kavu ikanong'ona sikioni mwake: "Huyu iko mufupi. Hajazaliwa bado. Nitangoja."

Alifika kwa Kasimu bila viatu, blanketi mkononi. Fundi akaacha kukanyaga cherehani.

"Mama, ile nyeupe uliitosha wapi?"

"Mu gunia yako."

Kasimu akateremka kitini, akakaa chini. Yeye ndiye aliyechana sanda za maiti wa mtaa wao. Huko kwao maiti hupimwa kwa utepe, na utepe huzikwa naye ili asipimwe mwingine. Siku ya kumzika mzee Lukumani mvua ilinyesha, watu wakamharakisha, akautia mfukoni, na baadaye ukaishia katika gunia la mabaki. "Ni miye njo nilisahau," alisema kwa sauti ndogo.

Wakaenda kwa mwalimu Iliasi, mtu wa kusomea wenye majini. Alisoma, akafukiza ubani, akatikisa kichwa.

"Kama ingekuwa nzima, tungeirudisha kwa Lukumani. Lakini umeikata, mama. Sasa kila kipande iko na urefu wa mutoto. Jini ya kipimo anatafuta mutu wa urefu ile."

"Na tukiichoma?" Mwanvua alinong'ona.

"Ukiichoma, atapima na mukono tu."

Mwanvua aliogopa. Alijiogopea, halafu akamwogopea Soraya zaidi. Akafumua ukingo, akaunganisha vipande mwisho kwa mwisho, mishono myembamba iliyonyooka, mizuri kuliko yote aliyowahi kushona. Akalala juu ya mkeka wa mwalimu, utepe kando yake.

"Kuja," akasema. "Unipime miye. Ule mutoto umuache."

Wale wanaume wawili waliona utepe ukijinyoosha wenyewe kutoka visigino vyake, ukapita kiuno, ukapita bega, ukakomea kwenye utosi. Mwanvua alilia kimya, macho ameyafumba. Alipoinuka, blanketi lilinuka sabuni tu.

Alilitia ukingo wa kitenge, na Bienvenu, kijana wa mtaani anayebeba abiria, akalipeleka Salamabila kwa pikipiki yake. Mtoto alizaliwa juu ya blanketi hilo, msichana.

"Mama, analala muzuri," Soraya alisema katika simu. "Anashika ile blanketi, hataki kuiachilia."

Mwanvua alicheka, akafuta macho. Kisha akaukunja utepe, akavuka njia hadi kwa Kasimu, akamwekea juu ya cherehani.

"Hii iko yangu," akasema. "Siku ikifika, mwanangu, usisahau tena."