Santuri Iliyorudishwa

Siku ya mzigo mpya duka lilijaa hadi mlangoni. Watu wa santuri wana wazimu wao, tuwasamehe tu. Nyimbo za bendi zilizokwisha kuvunjika zamani zilikuwa zimetolewa upya, zimefungwa nailoni inayong'aa, na kila mmoja alitaka kushika yake kabla mwenzake hajaigusa. Viwiko vilisemezana. Nyuma ya kaunta alisimama binti mwenye gauni la njano la vifungo vikubwa vyeupe, mikono inakwenda kama cherehani. Wateja walimwita Pini, kwa kuwa alikuwa mwembamba, mnyoofu, na ukimshika vibaya anachoma.

"Samahani, dada. Naomba unibadilishie hii."

Aliyesema hayo alikuwa kijana mrefu, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, suruali imepigwa pasi ikasimama. Alikuwa fundi wa miwani, na kibanda chake kilikuwa mtaa wa nyuma.

"Ina nini?"

"Kona imepondeka."

Pini akaigeuza santuri huku na huku. "Kona ipi? Mimi naona kona nne nzima, zimeshiba."

Fundi Miwani akatoa mfukoni kioo kidogo cha kukuzia, akakiweka juu ya jalada. "Tazama hapo."

"Kaka yangu, kwa kioo hicho hata mimi utanikuta na mapengo."

Watu wakacheka. Pini akampa nyingine. Akaikataa, mgongo wa jalada umeandikwa juu chini. Akampa ya tatu. Akaikataa pia, picha imefifia, wamepiga picha ya picha.

"Huko mbele anachaguliwa mchumba au santuri?" sauti ikauliza kutoka nyuma ya foleni.

"Hilo nami nataka kulijua," Pini akasema. "Na mke naye utamrudisha ukikuta kona imekunjika?"

"Mke haji ndani ya nailoni, dada. Unamwona kabla." Neno lilimtoka kabla hajalipima. Masikio yakamwaka moto. Akaichukua ileile ya kwanza, yenye kona yake iliyopondeka, akaondoka karibu kukimbia.

"Pini!" ikaita sauti nzito kutoka kwenye kiti cha kona. "Unacheka na nani, na foleni imefika barabarani?"

Huyo ndiye shangazi, mwenye duka. Mama mnene wa magauni marefu ya maua, miguu imemvimba, masikio hayajazeeka hata kidogo. Alimchukua Pini akiwa mtoto aliyefiwa na wazazi wote wawili, akamlea, akamsomesha, na hilo lazima lisemwe, maana ni kweli. Lakini nyumba ilikuwa juu ya duka, na ngazi ya kupanda ilianzia nyuma ya kaunta. Asubuhi Pini alishuka ngazi, jioni akapanda ngazi. Sokoni alikwenda akirudi mbio. Kila alipotokea mwanamume wa kumsalimia mara mbili, presha ya shangazi ilipanda, na ikipanda, Pini hukaa kando ya kitanda akimkanda miguu mpaka mwanamume huyo achoke kusubiri. Walikuwa wamechoka watatu. Wa mwisho alikwisha kuoa kwingine, na ana mapacha.

Fundi Miwani alirudi, mara hii bila santuri ya kurudisha. Akarudi tena. Halafu akaanza kupiga simu ya dukani, saa ambayo shangazi husinzia kitini baada ya chakula.

"Dukani hapa. Nikusaidie nini?"

"Nasaka jalada la njano lenye vifungo vyeupe."

"Hilo halijatolewa upya, mteja. Lipo moja tu."

"Basi niwekee."

"Wewe si utalirudisha?"

"Thubutu! Hilo hata likikunjwa kona zote nne nakwenda nalo."

Kiti cha kona kikalia. Pini akabadilisha sauti papo hapo. "Ndiyo, mteja, tunafungua Jumamosi pia. Karibu sana."

Kwa simu hizo Pini alijifunza kasoro zote. Karatasi ya ndani ikiwa ngumu, inaikwaruza santuri kila inapotolewa. Gundi ikiwekwa kidogo, jalada linaachia mshono njiani. Siku moja akauliza ni kasoro gani mbaya kuliko zote.

"Nailoni iliyobana," Fundi akasema. "Kwa nje inapendeza, hakuna hata vumbi. Lakini inavuta, inavuta, miezi inapita, santuri ndani inapinda. Siku ukiifungua, wimbo unayumba kama mlevi."

Pini akazungusha waya wa simu kidoleni.

"Umekwenda wapi, mpenzi?"

"Nipo. Mimi nitakwenda wapi? Kitendawili."

"Tega."

"Mchome sindano, halii, anaimba."

"Santuri! Hicho cha watoto."

"Haya, kitendawili."

"Tega."

"Natembea kutwa nzima, jioni sijatoka nyumbani."

Fundi akafikiri. "Saa ya ukutani?"

"Umekosa."

"Feni?"

"Umekosa tena. Nipe mji."

"Chukua mji wowote, mpenzi, mkubwa kuliko yote."

"Nimekwenda, nimekula, nimelala, nimerudi," Pini akasema polepole. "Jibu lake ni mimi."

Fundi hakucheka. Mtu wa kupima macho ya watu kutwa nzima, ulimi wake mwenyewe ulikuwa na kufuli. Kiti cha kona kikalia, simu ikakatwa.

Wiki hiyohiyo shangazi alitangaza wakiwa mezani. Mwanawe aliyeko mji mwingine amemwita akaishi naye. Duka litauzwa, na mwisho wa mwezi wanahama.

"Tunahama?" Pini akauliza. "Mimi na nani?"

"Mimi na wewe. Ulitaka nikuache na nani, na hizo santuri?"

Usingizi wa mchana wa shangazi ulipofika, Pini alipiga simu mwenyewe. Hakuanza kwa utani.

"Ananihamisha. Mwisho wa mwezi. Kama una neno la kuniambia, liseme, nami nitajua pa kusimama. Kama huna, niambie pia."

"Ninalo," Fundi akasema. "Nalileta kesho."

Akaja kesho yake, amenyoa, amevaa koti kwenye jua. Shangazi alikuwa macho. Fundi akamwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikiwa kwa nusu ya marahaba. Akaweka juu ya kaunta santuri mpya, toleo la mzigo uliofika jana yake, nailoni haijaguswa.

"Dada, ninaomba uisikilize hii," akasema, akichagua maneno kama mtu anayevuka utelezi. "Upande wa kwanza, wimbo wa mwisho. Neno langu lote limo humo."

Sasa hapo ndipo palipoharibika. Mtu huyu hakuwahi kupokea santuri bila kuikagua. Huipasua nailoni, huisoma lebo, huijaribu mwanzo mpaka mwisho. Hii peke yake aliiacha ilivyo, kwa sababu alitaka mikono ya Pini iwe ya kwanza kuifungua. Ndiyo mapenzi hayo.

Shangazi alipopanda juu, Pini akaivua nailoni, akavaa hedifoni, akaweka sindano kwenye wimbo wa mwisho. Lebo ilisema wimbo unaitwa "Mlangoni". Gitaa likaingia pole, kisha sauti ya mwanamume ikaimba: Nenda, mpenzi, usigeuke nyuma, mkono wangu umechoka kupunga, mlango nimeufunga.

Akairudisha sindano, akadhani amesikia vibaya. Mkono wangu umechoka kupunga, mlango nimeufunga. Upande wa pili hakuugusa. Aliyoyasikia yalimtosha. Akaivua hedifoni, akajipangusa macho kwa mkono wa gauni, akamhudumia mteja aliyekuwa anataka sindano mpya.

Jioni Fundi akapiga simu.

"Umesikiliza?"

"Nimesikiliza."

"Na unasemaje?"

"Njoo uchukue mzigo wako. Una kasoro."

"Kasoro gani, Pini? Mpenzi, subiri kwanza..."

"Umefika mwisho, mteja. Asante."

Fundi alipokwenda dukani, Pini alikuwa amejificha stoo, nyuma ya maboksi. Shangazi ndiye aliyemkabidhi, kwa furaha isiyofichika. "Imerudishwa," akasema. "Na wewe si unajua kurudisha? Leo umerudishiwa."

Fundi akaichukua, akaondoka. Alipofika chumbani kwake aliisukuma juu ya kabati, akakaa kitandani na koti lake. Alijua jibu la mwanamke anapolisikia. Kumbe naye alisikia upande usio wake.

Maboksi ya kuhamia yakaanza kupangwa ngazini. Pini alifunga sufuria kwa magazeti, akafunga picha za ukutani, akafunga gauni la njano. Kila boksi lililofungwa lilimpunguzia nafasi ya kupita, hata ikabidi apande ngazi ubavu. Simu ililia mara chache. Kila mara shangazi ndiye aliyewahi kuishika.

Basi ikawa siku ya mnada wa mwisho, duka limejaa watu wa bei ya kutupa, akaingia mwalimu wa kwaya, bwana mfupi mwenye jasho na tai fupi, santuri juu kama anayekamata mwizi.

"Binti! Mmeniua mbele ya wakwe!"

"Shikamoo, mwalimu. Kuna nini?"

"Marahaba. Nilinunua hapa wimbo wa kumpokea bibi harusi. Upande wa kwanza, wa mwisho. Bibi harusi anaingia, naweka sindano, mtu anaimba nenda usigeuke nyuma! Mama mkwe kakaa chini. Nimeweka harusi, nimepata matanga!"

Watu wakavunjika mbavu. Pini peke yake hakucheka. Aliinyakua santuri, akaigeuza, akaiweka kwenye gramafoni ya dukani bila hedifoni, spika zote zikiwa wazi. Upande wa pili, wimbo wa mwisho. Sauti ileile ya mwanamume, lakini sasa imechangamka, ngoma zinaisukuma: Nimesimama mlangoni, mama, fungua, nimekuja kukuchukua, leo sirudi peke yangu.

"Huo ndio!" mwalimu akapiga kelele. "Huo ndio 'Mlangoni'! Lebo zimebandikwa kinyume!"

Pini akashika simu mbele ya foleni, mbele ya shangazi, mbele ya dunia.

"Fundi! Lebo zimebandikwa kinyume!"

"Nani? Pini? Lebo gani?"

"Ya kwanza iko upande wa pili! Nimesikia wimbo wa kuagwa, wewe bwana! Nilidhani unaniaga!"

Sauti ya Fundi ikaja, imepasuka katikati. "Mimi nikuage wewe? Sikuikagua. Ile moja tu sikuikagua, Pini. Nilitaka uifungue wewe."

"Mjinga we."

"Ndiyo, mpenzi."

"Sasa liseme kwa mdomo wako. Nimechoka na nyimbo za watu."

"Nataka nikuoe," Fundi akasema. "Dada yangu ana chumba, utakaa kwake mpaka siku ya ndoa. Nakuja kesho asubuhi kuomba kwa shangazi, kwa heshima zote."

"Anakuja kesho kuniposa!" Pini akawatangazia watu. Foleni ikapiga makofi. Shangazi hakupiga. Alikuwa amesimama, na kwa miguu ile hakuwa mtu wa kusimama bure.

Kesho yake, alfajiri haijakauka, shangazi alijikokota hadi nje akasema anakwenda kwa dalali. Akavuta grili ya duka, akapiga kufuli, ufunguo akautia kifuani. Fundi alipofika na koti lake alimkuta Pini ndani ya vyuma, amelivaa tena gauni la njano, limekunjamana kwa kukaa boksini.

"Kafunga?"

"Kafunga."

"Nivunje?"

"Uvunje nini, na wewe kona iliyopondeka tu ulikuja kuirudisha? Kaa hapo. Tutamsubiri."

Wakasubiri, mmoja huku, mmoja kule, vidole vimekutana kwenye chuma. Shangazi alirudi mapema kuliko walivyodhani, maana hakwenda kwa dalali. Hakufika mbali. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha duka la jirani, miguu imemshinda. Fundi akakimbia akamshika mkono, akamleta taratibu, naye shangazi hakuuondoa mkono wake.

"Shikamoo, shangazi."

"Usiniite shangazi." Akashika grili, akihema. "Pini, presha yangu imepanda."

"Dawa yako iko kabatini, shangazi. Nifungulie nikuletee."

"Nikikufungulia utatoka."

"Nitatoka, ndiyo."

Mama yule akainamisha kichwa kwenye vyuma. Sauti ilipomtoka haikuwa ile nzito. "Unadhani mwanangu ananitaka? Amesema njoo na Pini. Mkewe hawezi kunikanda miguu, hawezi kunipikia uji. Bila wewe hawanihitaji, mwanangu. Mimi nitakuwa mzigo mlangoni kwa watu."

Pini hakuwahi kusikia hayo. Alimtazama mwanamke aliyemfungia, akamwona naye amefungiwa. Akapitisha mkono kati ya vyuma, akamfuta jasho shavuni.

"Basi usihame, na duka usiliuze."

"Na nani atanifungulia duka?"

"Mimi. Kila asubuhi nitakuja, nitakukanda miguu, nitafungua duka. Jioni nitakwenda kwangu."

"Kwako," shangazi akarudia, kama neno la lugha ngeni.

"Kwangu, shangazi. Nitakuja nikitokea kwangu."

Shangazi alimtazama Fundi, kuanzia viatu hadi kola iliyofungwa, akitafuta kasoro ya kumrudishia. Akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo. Ukakosa tundu mara ya kwanza, akakataa kusaidiwa.

"Asubuhi saa ngapi?" akauliza bila kuwatazama.

"Saa mbili."

"Saa mbili wateja wameshapita. Saa moja na nusu."

"Saa moja na nusu, shangazi."

Kufuli likafunguka.