Asumini Katika Nywele za Mishi

"Mweke mtoto chini, Mama Mishi. Tuongee."

"Tumeongea tangu umefika. Toka mlangoni nipite."

Munir hakutoka. Alikuwa bado amevaa koti la kazini, maji ya mvua yakimchuruzika mabegani. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, na kifurushi changu cha nguo kilikuwa kitandani, kimefungwa nusu. Mishi wetu wa miaka mitano alikuwa amelala begani kwangu akitokwa na mate kama mtoto anayeota meno. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho, ilhali mtaa mzima wa Riruta ulikuwa unatetemeka kwa baridi ya Aprili.

"Unampeleka wapi?"

"Kwa mtu asiyetaka tufe."

Basi, nilikuwa nimelisema. Wiki mbili nilikuwa nalo kooni. Wiki mbili mikono ilinitetemeka, kichwa kilikuwa kizito, chakula hakikukaa tumboni. Usiku hali ilizidi. Mume wangu akishaenda kazini, nilipata nafuu kidogo. Na kazi yake ilikuwa wapi? River Road, katika duka la mbegu, mbolea na dawa za wadudu.

Tena kulikuwa na barua. Niliikuta katika mfuko wa suruali yake nilipokuwa nafua. Shangazi yake wa Mombasa alimwandikia kwamba binti wa Mzee Taib ameshakubali kuolewa naye, kwamba mke wa Nairobi amemzalia mmoja tu, tena wa kike, na kwamba asichelewe. Tangu siku hiyo sikunywa chai aliyoipika yeye. Nilipakua chakula cha mtoto kutoka sahani yangu mwenyewe. Nililala nikimsikiliza anavyopumua, mwanamume niliyempenda miaka saba, nikimwogopa. Na bado tulizidi kuugua.

"Barua ya shangazi nilikuficha, nakubali," alisema. "Ningekuonyesha ungelia. Nilimjibu kuwa sina haja ya mke mwingine."

"Jibu liko wapi?"

"Liko kwa shangazi, Mama Mishi. Barua hujibiwa kwa kutumwa."

Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nilivuta kamba ya kifurushi kwa meno, maana vidole havikuwa na nguvu.

Peres, jirani yetu, aliingia kupitia mlango wa veranda bila kubisha. Kelele zetu zilikuwa zimefika jikoni kwake.

"Hiyo kitu unafunga ni nguo ama ni nyumba yote?" aliuliza. Kisha akamwona Mishi, akaacha mzaha. Alimfungua jicho kwa kidole gumba. "Mama Mishi, macho ya huyu mtoto iko hivi kwa nini?"

Nilitazama. Chumba kilikuwa na giza la mvua, mboni zilipaswa kuwa zimetanuka. Zilikuwa ndogo kama tundu la sindano.

"Amekula nini?" Munir aliuliza.

"Kula sijui," Peres alisema. "Asubuhi nilimpata hapo nje ananyonya ile maua nyeupe ya mama yake. Nikamwambia wacha, hiyo si sukari."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kichwani. Asumini ilikuwa pale, uzi mzima, kama kila siku. Mishi naye alikuwa nayo katika mikia yake miwili ya nywele.

Kile kichaka cha asumini nilikileta Nairobi kwa treni, kitawi kimoja kutoka uani kwa mama yangu, kimefungwa kwa gunia bichi. Nilikipanda katika debe lililotobolewa matundu chini, kokoto kwanza, kisha udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Nilikimwagia maji asubuhi tu, baada ya kutia kidole udongoni na kuona pamekauka. Julai nilikiingiza ndani kwa sababu ya baridi. Maua yakiisha nilikata ncha ili kichipue. Mwaka huo, masika yalipoanza, vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, walijaa kwenye machipukizi hadi yakajikunja. Niliwaosha kwa povu la sabuni, jani kwa jani, na wakarudi. Nililia, nakubali. Halafu ghafla wakatoweka wote, na asumini ikachanua kuliko miaka yote. Nilijisifu kuwa ni sabuni yangu. Nilitunga maua kila jioni, ya nywele zetu na ya kutandaza kwenye mito ya kulalia.

Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita.

"Munir," nikasema. "Umenyunyiza nini?"

Alikaa kitako kitandani, juu ya nguo zangu.

"Nilikuona unalia kwa ajili ya ule mti. Nilitaka uamke siku moja uukute—"

"Sikukuuliza ulitaka nini. Nimekuuliza umenyunyiza nini."

Alitoka verandani, akaingiza mkono nyuma ya gunia la samadi, akarudi mlangoni na chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, haina karatasi. Alieleza kwamba dukani huimimina kutoka pipa kubwa. Alinyunyiza mara tatu, alfajiri, nikiwa kwenye swala. Alinificha kwa sababu alijua nisingekubali dawa ya dukani.

"Tunawauzia wenye kahawa," alisema. "Wenye kabichi tunawaambia wangoje siku nyingi kabla ya kuvuna. Mimi nikaona, haya ni maua. Nani anakula maua?"

"Mwenye kahawa hailazi kahawa yake kwenye mto, Munir. Haitii kichwani mwa mtoto."

Alifunika uso. Nilitaka kumhurumia, lakini Mishi alitapika begani kwangu na huruma ikapita.

"Inaitwaje? Daktari hawezi kutibu chupa isiyo na jina."

Hapo aliifumbata ile chupa kiganjani. Nilijua kwa nini. Mwezi uliopita mwenzake alikamatwa kwa mfuko mmoja wa mbolea, akatolewa dukani na polisi mbele ya wateja. Munir naye hakuomba ile dawa, aliichukua.

"Wataniuliza nimeitoa wapi," alisema polepole. "Nikisema, kazi sina. Pengine na nyumbani sirudi."

"Basi toka mlangoni."

Nilimwona anaogopa kama nilivyoogopa mimi zile wiki mbili. Mishi alishtuka, mguu wake ukaruka wenyewe. Munir aliutazama ule mguu. Akalitaja jina, jina refu la Kiingereza. Nilimlazimisha alirudie mara mbili, nikalikariri, maana mtu akiogopa anaweza kusahau kwa makusudi.

Peres alishatoka mbio kumwambia mumewe Odero awashe pikapu. Nilizing'oa asumini kichwani kwangu na kwa Mishi, nikamvua gauni, nikamwosha kwa sabuni na maji kuanzia nywele hadi nyayo, nikamfunga kanga safi. Nilipotaka kumwinua, mikono ilikataa.

Munir alinyoosha yake.

"Nawa kwanza," nilimwambia. "Hadi kwenye viwiko."

Alinawa. Sabuni ilimtoka mkononi mara mbili. Kisha akasimama mbele yangu mikono ikidondosha maji, hakuniomba, hakuapa.

"Mshike," nikasema, nikampa mtoto.

Nilifunga ile chupa kwa kitambaa nikaibeba. Nje, Odero alikuwa ameshawasha gari, Peres ameshikilia mlango. Munir hakuingia kwanza. Alisimama kwenye mvua, Mishi kifuani, majirani wawili watatu wakichungulia.

"Odero, shika hili jina na wewe," alisema. "Nikikwama mbele ya daktari, useme." Akaitaja ile dawa, akalitaja na duka, akasema aliichukua bila kuomba. Aliyasema kwa sauti ya kufika barabarani.

Odero aliyarudia neno kwa neno, tukaingia, akatia gia.